Bata bandia 36 na kamba tatu: tathmini ya seti ya kuwindia bata wazamiaji kwenye mto mkubwa

Seti ninayoitathmini hapa ina bata bandia 36, kamba kuu tatu zenye urefu wa mita 30 kila moja, nanga sita za kilo mbili mbili, na mifuko mitatu ya wavu ya kubebea. Kila kamba kuu ina vitanzi 12 vilivyofungwa kiwandani, na kila bata ana ugwe wake wa sentimita 60 unaoishia kwenye klipu ya chuma ambayo mwindaji huibana kwenye kitanzi anaposhusha kamba majini. Wanaojua mshipi mrefu wa ndoana nyingi ambao wavuvi huutega usiku kucha wataelewa mara moja mpango wenyewe, ila hapa mahali pa kila ndoana pamekaa bata wa plastiki. Juu ya kasha mtengenezaji ameandika kwamba seti ni ya maji makubwa, na maneno hayo, kama nilivyokuja kugundua kwa gharama ya nguo kulowa, yana maana moja kwa mtu wa ziwa na maana nyingine kabisa kwa mtu wa mto. Nimeitumia kwa misimu miwili, mara nyingi kwenye Mississippi ya juu, na hukumu yangu ni kwamba bata wenyewe ni wazuri kuliko nilivyotarajia, ilhali karibu kila kitu kinachowashikilia majini ilinibidi nikibadilishe.

Kabla ya kuihukumu seti ni lazima ieleweke inakusudia kumdanganya ndege gani. Bata wa madimbwi, wale wanaojipindua kichwa chini mkia juu kutafuta chakula kwenye kina kifupi, huzunguka juu ya miti na kujitupa karibu wima kwenye upenyo mdogo wa maji. Bata wazamiaji si wa namna hiyo. Miguu yao imekaa nyuma sana ya mwili, jambo linalowapa nguvu ya kupiga mbizi lakini linawanyima wepesi wa kuruka, kwa hiyo hulazimika kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa, na wanapotua huhitaji uwanja mrefu ulio wazi mbele yao. Husafiri chini chini na kwa kasi, wakifuata ukingo wa maji na kupita karibu na rasi, na wanapopumzika hujikusanya makundi makubwa kwenye maji mapana, mbali na kichaka chochote kinachoweza kuficha adui. Ndiyo sababu ya kuwapangia bata bandia kwa mistari mirefu badala ya vifungu vidogo vidogo vilivyotawanywa: mstari unaonekana kutoka mbali, na ndege anayeruka futi chache juu ya maji huufuata kama mtu anavyofuata ukuta gizani.

Katika seti hii 24 ni bata mdomo-buluu, yaani Aythya affinis, na 12 ni bata mgongo-turubai, Aythya valisineria, ambaye ndiye mkubwa kuliko wenzake wa jenasi hiyo katika Amerika Kaskazini, mwenye kichwa cha rangi ya kutu na mgongo mweupe unaong'aa juani. Madume ni wengi kuliko majike, na hilo ni sahihi. Kwa maji mapana weusi na weupe ndio wanaofanya kazi. Jike wa kahawia huyeyuka kwenye rangi ya mto ukishafika mita 100. Wawindaji wa zamani walilijua jambo hili vizuri kiasi kwamba baadhi yao walipaka magaloni matupu rangi nyeusi na nyeupe, wakayafunga kamba, na bata mdomo-buluu wakayajia. Jambo hilo linapaswa kumkumbusha kila mnunuzi kwamba unyoya uliochorwa mmoja mmoja kwenye plastiki ni pambo la kumvutia binadamu aliyesimama dukani.

Rangi ya bata hawa, hata hivyo, imetumika kwa busara. Ubavu mweupe ni mweupe kweli, si kijivu cha kujifanya halisi, na haumetimeti jua linapopiga kwenye maji yaliyolowesha mgongo. Mwisho wa msimu wa kwanza rangi ilikuwa bado imeshika. Katika msimu wa pili ilianza kubambuka pale ambapo mbavu husuguana ndani ya mfuko wa wavu, na kwa kuwa mbavu ndizo zenye weupe, kasoro hiyo inaumiza kuliko ambavyo ingeumiza kwenye mgongo au mkia. Nimewapaka upya tisa kati yao kwa rangi isiyong'aa na sidhani kwamba kuna ndege aliyeitambua kazi yangu. Sanaa hii ina umri mkubwa: mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta bata bandia 11 waliosukwa kwa matete, wengine wakiwa wamepakwa rangi na kuvishwa manyoya, wakiwa na umbo la huyu huyu bata mgongo-turubai, na umri wao unakadiriwa kuwa takriban miaka 2,000. Waliowasuka walisisitiza kichwa, mgongo na weupe. Mtengenezaji wa seti hii amesisitiza hayo hayo, na hapo simlaumu.

Ninalomsifu zaidi ni mkuku. Kila bata ana mkuku wa kina uliojazwa uzito, ulionyooka kutoka kifuani hadi karibu na mkia, na ni huo unaomfanya akae wima na kutulia kwenye maji yanayokwenda. Nilikuwa na bata wengine wa bei rahisi ambao mkuku wao ni mfereji mtupu unaojazwa na maji ya mto wenyewe; kwenye bwawa hawana neno, lakini mtoni walikuwa wakiyumba kushoto na kulia bila kupumzika, kama samaki aliyenaswa anayetafuta njia ya kutoka, na nimeona makundi yakiwakaribia kwa mita 60 kisha yakiinua mabawa na kupita juu. Hawa wa sasa hutikisika kidogo tu. Ubaya wake ni uzito, kwa kuwa mfuko mmoja wa bata 12 pamoja na kamba na nanga mpya nilizoweka si mzigo wa kubebwa mbali kwa miguu, na asiye na mashua asihangaike na seti hii hata kidogo.

Sasa nifikie kamba, ambako ndiko kwenye ugomvi wangu.

Siku ya kwanza nilishusha kamba zote tatu kama zilivyotoka kiwandani, kwenye kina cha mita tatu hivi, mahali ambapo mkondo ulikuwa wa wastani. Kitanzi cha kwanza kilikuwa mita mbili tu kutoka kwenye nanga. Mtu yeyote aliyewahi kutia nanga kwenye mkondo ataona tatizo kabla sijalieleza: ikiwa maji yana kina cha mita tatu na bata wa kwanza yuko mita mbili kutoka kwenye nanga, basi hata ukiongeza ugwe wake wa sentimita 60 hafiki juu, na ama atazama ama ataing'oa nanga. Wangu walifanya yote mawili. Wawili wa mwanzo walitoweka chini ya maji, vichwa vyao vikionekana na kupotea kama vya watu wanaozama, na baada ya robo saa mkondo ukiwasukuma wote 12 kwa pamoja, nanga ya kilo mbili ilianza kutambaa juu ya mchanga. Kamba ya pili ikaifuata ya kwanza, zikavukana, na nilitumia sehemu nzuri kabisa ya asubuhi nikikata nyuzi kwa kisu huku bata halisi wakipita juu yangu wakienda zao. Kijitabu cha maelekezo kinasema tu kwamba nanga zitashika kwenye hali zote za kawaida. Kwa mto mkubwa, mkondo ndiyo hali ya kawaida.

Marekebisho niliyoyafanya ni matatu, na baada yake seti imekuwa kitu kingine. Kwanza niliunganisha kipande cha kamba tupu chenye urefu wa mita 10 kati ya nanga ya juu ya mto na bata wa kwanza, ili kamba ilale chini kwa mteremko mrefu na mvuto uwe wa kuikokota nanga kwa ubavu, si kuinyanyua. Kanuni ni ile ile ya mabaharia, kwamba kamba ya nanga iwe na urefu wa mara tatu ya kina au zaidi. Pili nilibadilisha nanga za juu zikawa za kilo tano zenye mnyororo mfupi, nikaziacha zile za kiwandani za kilo mbili kwenye mwisho wa chini, ambako kazi yao ni kuzuia kamba isiyumbe tu. Tatu, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, nilikata kila kamba kuu vipande viwili, hivyo nikawa na kamba sita za bata sita sita badala ya tatu za 12. Inamaanisha nanga nyingi zaidi na kazi zaidi alfajiri, lakini kamba fupi haishiki takataka nyingi, haipindi sana ikipigwa na mkondo, na inaweza kuwekwa mahali ambapo ndefu isingekaa.

Kamba yenyewe, niiseme kwa haki, ni nzuri. Ni ya nailoni iliyotiwa lami, nyeusi, inayozama. Kamba nyingine zinazouzwa kwa kazi hii ni za plastiki inayoelea, na kamba inayoelea kati ya bata na bata humwogofya ndege na hujizungusha kwenye rafadha ya mashua bila huruma.

Kwa nini kukata kamba kumesaidia kiasi hicho? Jibu ndilo kiini cha suala zima la kuwapanga bata bandia mtoni. Ziwani kuna bwana mmoja tu, naye ni upepo: huwageuza bata bandia wakabiliane nao, na huwafanya bata hai watue wakikabiliana nao, kwa hiyo mambo yote hujipanga yenyewe. Mtoni mabwana ni wawili. Bata bandia aliyefungwa kifuani na mwenye mkuku ndani ya maji humtii mkondo, hugeuza kifua upande maji yanakotoka, na hukaa hivyo upepo uvume kutoka kokote, isipokuwa uwe mkali sana. Bata hai anayetua humtii upepo, kwa kuwa bila kuukabili hawezi kupunguza kasi yake. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mtoni wanakaa, na mwindaji ndiye anayepaswa kuishi nao.

Siku upepo unapovuma kutoka juu ya mto kwenda chini, pamoja na mkondo, hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Bata hutokea chini ya mto, upande wa demani, yaani upande ambao upepo unauelekea, na hupanda wakikabiliana na upepo na mkondo kwa pamoja. Napanga umbo la kulabu: bata wengi karibu na maficho kwenye mwisho wa juu, wakiwa wamepinda kuzunguka nafasi tupu ya maji ya mita 15 hadi 20, kisha mkia mrefu wa mstari mmoja unaoshuka chini ya mto. Ndege hukutana na mkia, huufuata, na hufikia nafasi tupu akiwa tayari ameteremsha miguu. Kamba zote zinakaa sambamba na mkondo, na hata seti ya kiwandani, ikishaongezwa nanga nzito, ingemudu. Mississippi ina bahati ya pekee hapa, kwa kuwa hutiririka kwenda kusini, na upepo wa baridi unaowasukuma bata kuhama wakati wa vuli huvuma kutoka kaskazini; siku ya ndege wengi mara nyingi huwa pia siku ya mpangilio mwepesi.

Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka chini ya mto, mambo yanapinduka. Bata sasa wanatoka juu ya mto na kushuka, na nafasi tupu lazima ihamishiwe upande huo, mkia ukielekea juu. Bata bandia hawageuki. Wanaendelea kukabiliana na mkondo, kwa hiyo wanawatazama usoni wageni wanaokuja. Sijaona kwamba hili linawasumbua ndege, maana kundi halisi linalojishikilia mahali pamoja juu ya chakula nalo hulazimika kuogelea dhidi ya maji. Shida iko kwenye kamba. Upepo unaopingana na mkondo huinua mawimbi mafupi yenye kingo kali, huwasukuma bata mbele juu ya kamba yao wenyewe, na nyugwe za sentimita 60 hupata nafasi ya kujisokota kwenye kamba kuu. Nilizifupisha zikawa sentimita 40 na nikaweka nanga ya kilo tano kwenye ncha zote mbili. Kamba iliyokazwa haisokoti.

Upepo wa kukata mto kutoka mgongoni mwa mwindaji, yaani kutoka kwenye ukingo alikojificha, ndio niupendao, na ndio ulionifanya nikate kamba. Bata wanakuja kutoka katikati ya mto moja kwa moja kuelekea maficho, na kwa mantiki ya ziwani ungevuta mkia mrefu kutoka ukingoni hadi kwenye maji mapana ili kuwapokea. Jaribu kufanya hivyo mtoni kwa kamba moja ya mita 30. Mkondo unaupiga mstari huo ubavuni kwa urefu wake wote, unaupinda kama upinde, nanga zinatambaa kukaribiana, kila jani na kijiti kinachopita kinanaswa, na baada ya saa moja mstari wako umekuwa fungu. Kwa kamba fupi sita nafanya ngazi: kila kamba inalala sambamba na mkondo, lakini ya pili imewekwa mbali kidogo na ukingo na chini kidogo ya ya kwanza, ya tatu mbali zaidi na chini zaidi, na kuendelea. Anayetazama kutoka juu anaona mstari mmoja wa mshazari unaotoka ukingoni hadi mtoni. Hakuna hata kamba moja iliyokata maji. Ngazi hii sikuisoma kwenye kijitabu cha mtengenezaji, na naamini ingestahili ukurasa mzima pale ambapo wameweka picha za mbwa.

Upepo unaovuma kutoka ng'ambo kuja usoni mwa mwindaji hauna dawa. Ili kutua wakiukabili, ndege wangelazimika kuja juu ya nchi kavu kutoka nyuma yake, nao wazamiaji hawapendi kupita juu ya ardhi na miti. Hamia ng'ambo, au ubaki nyumbani.

Hata mpangilio bora hauna msaada mahali pasipo na ndege, na kwa wazamiaji mahali huamuliwa na chakula kilicho chini ya maji. Kwenye mabwawa ya Mississippi yanayohesabiwa kuwa ya 7, 8 na 9, bata mgongo-turubai hukusanyika kwa wingi kila vuli kwa sababu ya mmea wa majini uitwao Vallisneria americana, ambao ndio uliompa ndege huyo jina lake la kisayansi, ijapokuwa tahajia zimetofautiana. Chini zaidi, kwenye bwawa la 19 karibu na Keokuk, bata mdomo-buluu hufuata chaza wadogo sana walio kwenye tope. Kwa hiyo uwiano wa seti hii, 24 kwa 12, si wa kila mahali. Kwenye majani mimi huwatanguliza bata mgongo-turubai wote kwenye mkia, ambako weupe wao unaonekana mapema, na kwenye chaza huwaacha wengi wao mfukoni.

Ndani ya eneo la chakula natafuta maji yanayokwenda polepole: nyuma ya rasi, nyuma ya kisiwa, au chini ya kuta za mawe zilizojengwa zamani kuusukumia mkondo kwenye njia ya meli. Mpaka kati ya maji ya kasi na maji tulivu huonekana kwa macho, kama mshono kwenye nguo, na ndege waliochukuliwa na mkondo mara nyingi huruka na kurudi kwenye mshono huo kupumzika. Bata bandia wakiwekwa upande wa ndani wa mshono hukaa kwa utulivu, nanga hazichoki, na mkia unaweza kuponyokea nje kidogo kwenye maji ya kasi ili uonekane.

Je, 36 wanatosha? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu linategemea unajificha wapi. Huko Susquehanna, kwenye mlango wa mto karibu na mji wa Havre de Grace, wawindaji wa biashara walitumia mamia ya bata wa mbao kuzunguka kisanduku kilichozama hadi usawa wa maji ambamo mtu alilala chali. Visanduku hivyo, pamoja na matumizi ya bata hai kama chambo, vilipigwa marufuku nchini Marekani mwaka 1935. Mwindaji wa leo anayejificha kwenye rasi inayopitiwa na ndege hahitaji mamia. Kwa rasi nzuri nimewahi kutumia kamba tatu tu, yaani bata 18, na nikapata kiwango changu cha siku kabla ya saa tatu. Katikati ya maji mapana, ndani ya mashua iliyofunikwa, 36 walionekana wachache mno, na makundi yalipita mbali kuelekea mkusanyiko halisi ambao nisingeweza kushindana nao. Kati ya kununua seti ya pili na kutumia siku mbili kutazama ndege wanapita wapi, ningechagua kutazama.

Namna ya kushusha na kuinua kamba pia ni sehemu ya bidhaa, kwa sababu mwenye bidhaa hii atafanya hivyo kila siku. Katika hifadhi ya Mississippi ya juu, iliyoanzishwa mwaka 1924 na yenye urefu wa takriban kilomita 420, bata bandia hawaachwi majini usiku. Mtengenezaji anadai kamba moja hushushwa kwa dakika tano. Nikiwa na mwenzangu mashuani, mmoja akishika kasia na mwingine klipu, dakika tano zinatosha. Nikiwa peke yangu zinakaribia 15. Tunatia kwanza nanga ya juu, tunaiacha mashua ichukuliwe na mkondo huku tukibana bata mmoja mmoja, kisha tunatia nanga ya chini baada ya kamba kukazwa. Wakati wa kuinua tunaanza chini: nanga ya chini inatoka, injini imezimwa, na tunajivuta kwa mikono kupanda mto tukibandua bata hadi nanga ya juu, mashua ikiwa imeshikwa na kamba yenyewe muda wote. Anayeanza juu atasukumwa na mkondo juu ya bata wake. Na kamba ishikwe kwenye omo daima, kamwe isifungwe tezi, maana mashua iliyofungwa nyuma kwenye mkondo huvutwa chini na kujaa maji kwa muda mfupi kuliko wa kulisoma onyo hili. Kisu kiwe kiunoni na koti la kuokolea liwe mwilini, si chini ya kiti. Klipu za seti, kwa njia, hufunguka vizuri kwa mkono uliovaa glavu nene, na hilo ni jambo la maana siku ambayo matone ya maji huganda kwenye migongo ya bata.

Matishari nayo yana desturi zao. Msafara mkubwa unapopita, maji ya ukingoni hunyonywa kwanza kuelekea njia ya meli, bata wa karibu na nchi kavu hulala upande kwenye tope, kisha maji hurudi kwa kishindo. Kamba zilizokuwa na mita 10 za ziada zimelihimili jambo hili kila mara. Zile za kiwandani zilikutwa zimejikunja.

Umbali wa bata bandia kutoka kwenye maficho hufungamana na umbali wa risasi. Nafasi tupu naiweka mita 20 hadi 25 mbele yangu na bata wa pembeni hawapiti mita 35, isipokuwa mkia, ambao unaweza kwenda utakako. Mzamiaji aliyejeruhiwa hupiga mbizi, na mtoni huibuka mahali ambapo hukutarajia, akiwa ameshachukuliwa chini; kwa hiyo mashua ya kufuatia iwe upande wa chini na iwe tayari. Nchini Marekani marisau ya madini ya risasi yamekatazwa kwa ndege wa majini tangu mwaka 1991, na chuma kinachotumika badala yake hupoteza nguvu mapema zaidi kadiri umbali unavyoongezeka, sababu nyingine ya kutowatanua bata bandia mno. Bata wangu wawili wametobolewa na marisau hayo. Ni watupu ndani, kwa hiyo walianza kunywa maji na kuinama, na niliwaziba kwa gundi ya mpira. Mtengenezaji huyo huyo ana seti iliyojazwa povu ambayo haijali matundu, ila uzito wake ni mkubwa zaidi na nisingependa kuubeba.

Mifuko ya wavu imeshachanika miwili. Nyuzi zake ni nyembamba kwa mkuku wenye uzito kama huu.

Kwa mwindaji wa ziwani, au wa bwawa pana lisilo na mkondo wa kutajika, ningeipendekeza seti hii kama ilivyo, na nadhani ndiye aliyekuwa akilini mwa mbunifu. Kwa mwindaji wa mtoni ningependa mtengenezaji auze bata 36 bila kamba na bila nanga, kwa bei inayolingana, na amwachie mnunuzi ajifungie kamba za sita sita kulingana na kina cha maji yake. Mpaka afanye hivyo, nunua seti, weka nanga ndogo kwenye ncha za chini, na kabla ya kwenda mtoni kaa jioni moja na kisu, njiti ya kiberiti ya kuchomea ncha za nailoni, na mita 60 za kamba nyeusi ya ziada.